Mwalimu Nyerere na Arusha: Usalama wa mtu kabla ya mpaka

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere alipofariki dunia Oktoba 14, 1999, katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas jijini London, aliacha kazi moja kubwa ikiwa bado mezani. Kazi hiyo haikuwa Dar es Salaam, alikotawala kwa zaidi ya miaka 20, wala Butiama alikozaliwa. Ilikuwa Arusha, ambako pande zilizohasimiana za Burundi zilikuwa zikikutana tangu Juni 1998 chini ya usuluhishi wake.

Siku tisa baadaye, Oktoba 23, alizikwa kijijini kwake Butiama. Waliomfahamu kama Baba wa Taifa walimlilia kwa ajili ya Uhuru, Muungano na umoja wa Watanzania. Hata hivyo, kwa mamia ya maelfu ya Warundi waliokuwa wakiishi kwenye kambi za magharibi mwa Tanzania, kifo hicho kilikuwa na maana ya karibu zaidi. Aliyekuwa akizungumza na wakubwa ili wao warudi nyumbani hakuwapo tena.

Leo wataalamu wa siasa za kanda wanazo istilahi za jambo alilokuwa akilishughulikia. Wanaliita usalama wa binadamu, kwa maana kwamba usalama haupimwi kwa wingi wa bunduki mpakani peke yake, bali kwa hali ya mtu aliye ndani ya mpaka: kama ana chakula, ana ardhi, ana dawa, na kama analala bila kuogopa kugongewa mlango usiku. Mwalimu alianza kuligusa jambo hilo kabla halijapewa jina. Mji wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru vilikuwa sehemu ya somo hilo, na pia sehemu ya mtihani wake.

Mtoto wa Butiama

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922, huko Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe. Alipewa jina la Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika imani za wazee wake, kwa kuwa inasimuliwa kwamba alizaliwa siku ya mvua kubwa.

Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12 huko Mwisenge, Musoma, kisha akaenda Shule ya Serikali Tabora. Mwaka 1943 alijiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda, na mwaka huo huo akabatizwa kwa jina la Julius. Baada ya kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Uingereza mwaka 1949 na kurejea mwaka 1952 akiwa na shahada.

Alirudi akiwa mwalimu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel. Miezi michache baadaye alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha TAA, chama ambacho Julai 7, 1954, kilizaliwa upya kwa jina la TANU. Serikali ya kikoloni ilipomtaka achague kati ya siasa na chaki, aliiacha chaki mwaka 1955. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Somo la Engare Nanyuki

Wakati Nyerere akikamilisha masomo yake Edinburgh, jambo zito lilikuwa likitokea chini ya Mlima Meru.

Ardhi ya mlima huo ina historia ya machungu. Wajerumani waliivamia kwa silaha mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1900 boma lao likajengwa Arusha kwa kazi ya kulazimishwa. Jengo hilo ndilo lililokuja kuwa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Baada ya hapo, mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima, na Wameru na Waarusha wakabaki juu, kwenye migomba na kahawa, wakiwa wamezibiwa njia ya kushuka na mifugo yao kwenye nyanda za malisho.

Mwishoni mwa mwaka 1951, Serikali ya Kiingereza iliamua kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ili mashamba hayo wapewe walowezi wa Kizungu kwa ajili ya ufugaji. Watu waligoma kuondoka. Askari walitumwa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na familia zikahamishwa kwa nguvu kwenda sehemu ambayo hawakuichagua.

Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha. Mwaka 1952 walimtuma kijana wao, Kirilo Japhet, akifuatana na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akiishi Moshi, hadi Umoja wa Mataifa jijini New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na wajibu wa kusikiliza. Kirilo akawa Mtanganyika Mwafrika wa kwanza kufikisha malalamiko ya watu wake mbele ya chombo hicho.

Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu halikufikisha theluthi mbili za kura. Kwa hesabu ya kura walishindwa. Kwa hesabu ya siasa, nchi nzima ilijifunza kwamba mtu wa kijijini anaweza kuishtaki dola mbele ya dunia, na kwamba ardhi ndiyo mahali ambapo dola na mtu hukutana uso kwa uso.

Machi 1955 ilikuwa zamu ya Nyerere mwenyewe kusimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, safari hii akidai nchi nzima ijiandae kwa kujitawala. Njia ilikuwa imekwishafunguliwa na wakulima wa Meru. Mwaka 1958, Serikali ilipopendekeza ardhi igawiwe watu binafsi kwa hati za umilikaji wa moja kwa moja, aliandika kijitabu cha kupinga, Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa kuwa bidhaa, wenye fedha wachache watainunua na wengi watabaki wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa aina hiyo ulifutwa kisheria.

Azimio lazaliwa Kaloleni

Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961, na Nyerere akawa Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata alijiuzulu ili kukijenga chama, na Desemba 9, 1962, akarudi akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri.

Fundisho kali kuhusu usalama lilimfika Januari 1964, wakati askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni walipoasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Ili kuwazima, ililazimu kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililokuwa aibu kwa nchi changa. Jeshi hilo lilivunjwa, na Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Jina lenyewe lilibeba wazo kwamba bunduki ni mali ya watu, si watu mali ya bunduki.

Januari 26 hadi 29, 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Arusha. Katika ukumbi wa Kaloleni, ambao sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, wajumbe walipitisha waraka uliotangazwa rasmi Dar es Salaam Februari 5. Benki zilitaifishwa siku iliyofuata, na baadaye kampuni kubwa na mashamba. Viongozi walipigwa marufuku kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha.

Wengi hulikumbuka Azimio kama waraka wa uchumi. Lakini ndani yake kulikuwa na nadharia ya usalama. Nchi inayotegemea fedha za wengine, lilieleza Azimio, haiwezi kujiamulia mambo yake. Na maendeleo yalitajwa kuwa yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, wakati fedha iliwekwa katika nafasi ya matokeo badala ya chanzo. Shule, zahanati na visima vilivyofuata katika muongo huo vilitokana na mtazamo huo: kwamba adui wa kwanza wa taifa, yaani ujinga, umaskini na maradhi, hakuwa nje ya mpaka.

Mwaka huo huo, Arusha ilipewa jukumu la kikanda. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala Juni 6, 1967, na makao makuu yakawekwa mjini humo.

Mkimbizi ni nani?

Mapema kabisa katika utawala wake, Mwalimu alikabiliwa na swali ambalo lingemfuata hadi kufa: serikali ikiwageuka watu wake, jirani afanye nini?

Watutsi wa Rwanda walianza kukimbia mwaka 1959. Kutoka kusini waliingia Wamsumbiji waliokimbia vita dhidi ya Mreno. Mwaka 1972, mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi yalisukuma makumi ya maelfu kuvuka mpaka. Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi ya kulima katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo la Mpanda. Lengo lilikuwa wajitegemee badala ya kusubiri chakula cha msaada.

Aprili 1968 alifanya jambo lililowashtua viongozi wenzake. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria. Kwa muumini wa umoja wa Afrika kama yeye, uamuzi huo ulionekana kama kujipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba dola huwepo kwa ajili ya watu, na watu wakishaona kwamba dola haiwezi kuwalinda na mauaji, haiwezi kuwadai utii kwa sababu ya ramani. Biafra ilianguka Januari 1970, Nigeria ikabaki moja, na wapo wanaoamini hadi sasa kwamba alikosea. Lakini hoja ilibaki.

Mwaka 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipofanya mkutano wake wa wakuu Kampala na kumpa Idi Amin uenyekiti, Tanzania ilisusa. Mwalimu hakuona vipi chombo kilichoanzishwa kwa ajili ya ukombozi kingekaa kimya kuhusu Waafrika waliokuwa wakiuawa na Mwafrika mwenzao.

Ukimya huo uliigharimu kanda nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisambaratika mwaka 1977, na ofisi zake zikabaki Arusha kama nyumba ya urithi uliogombewa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, yakiua, kupora na kulibomoa Daraja la Kyaka. Tanzania ilijibu. Aprili 11, 1979, Kampala ilianguka.

Mwezi mmoja tu baada ya hapo, Mei 1979, wakati askari wake wakiwa bado nchini Uganda, Mwalimu aliwahutubia wajumbe wa mkutano wa Afrika kuhusu wakimbizi, uliofanyika Arusha. Ujumbe wake ulikuwa kwamba wakimbizi wa Afrika ni jukumu la Afrika kwanza, na kwamba haiwezekani kusubiri wahisani wa mbali wawaonee huruma. Mkutano huo ulisisitiza kwamba mtu asirudishwe kwa nguvu anakokabiliwa na hatari, na kwamba nchi zinazopokea wakimbizi wengi zisiachwe zibebe mzigo peke yake. Mapendekezo hayo ya Arusha yaliongeza nguvu mkataba wa Afrika kuhusu wakimbizi wa mwaka 1969.

Mwaka 1980 Serikali yake iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Nishani ya Nansen, tuzo ya juu ya kazi ya wakimbizi.

Kivuli ndani ya nyumba

Hata hivyo, maisha ya Mwalimu hayawezi kuandikwa kwa upande mmoja. Aliyemlinda mtu wa jirani hakumlinda sikuzote mtu wa nyumbani.

Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Ilitumika dhidi ya wapinzani, wanasiasa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kwa familia zilizoachwa bila baba na bila maelezo, Taifa lilikuwa salama lakini nyumba haikuwa.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Ujamaa ulioanza kwa kuhimiza hiari ulifika mwaka 1973 mahali pa kulazimisha. Kufikia katikati ya muongo, mamilioni ya wananchi walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Sehemu nyingi walipakiwa kwenye malori, na baadhi ya watendaji walibomoa au kuchoma nyumba ili watu wasirudi. Ukame wa miaka hiyo ulipoambatana na kuvurugwa kwa kilimo, nchi ililazimika kuagiza chakula kingi kutoka nje.

Anayekumbuka Engare Nanyuki hawezi kuipita habari hii haraka. Malori ya 1951 yalikuwa ya mkoloni, na yale ya 1974 yalikuwa ya Serikali ya wananchi. Nia zilitofautiana sana, kwa kuwa moja ilimtoa Mmeru ili kumpisha mlowezi, na nyingine ilitaka kumsogeza mkulima karibu na shule, maji na zahanati. Lakini mama aliyeketi juu ya lori na vyungu vyake, akitazama moshi wa paa lake, alikuwa na sababu ya kuuliza kama ameulizwa.

Mwalimu mwenyewe, baada ya kung'atuka, alikuwa wazi zaidi kuliko viongozi wengi katika kukiri kwamba makosa yalifanyika. Novemba 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari, jambo lililokuwa nadra Afrika wakati huo, na mwaka 1990 akaacha pia uenyekiti wa CCM.

Jina lapatikana

Alipostaafu hakupumzika. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, ambayo katibu wake mkuu alikuwa Manmohan Singh, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India. Ripoti yao ya mwaka 1990 ilizitaka nchi maskini zitegemeane na ziweke mahitaji ya watu wake mbele.

Mwaka 1994 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti iliyosimamiwa na mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, lilieneza duniani istilahi ya usalama wa binadamu. Ripoti iligawa usalama huo katika maeneo saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa nafsi, jamii na siasa. Kwa msomaji wa Tanzania, mengi yalikuwa na harufu ya mambo aliyoyasikia redioni tangu miaka ya 1960.

Uchungu ni kwamba mwaka huo huo Maziwa Makuu yaliungua. Mkataba wa amani wa Rwanda uliotiwa saini Arusha Agosti 4, 1993, uliandikwa vizuri, lakini haukuwa na mkono wa kuwalinda watu waliotajwa ndani yake. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza. Mwishoni mwa mwezi huo, watu wapatao robo milioni walivuka Daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Mahakama ya Kimataifa ya kuwashitaki watuhumiwa iliwekwa Arusha, ikafanya kazi hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015.

Upepo ulianza kubadilika pia. Desemba 1996 Serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao, na askari wakasimamia kuondoka kwao. Serikali ilisema Rwanda ilikuwa shwari na mzigo ulikuwa umezidi uwezo. Watetezi wa haki walisema wapo waliolazimishwa. Maneno yaliyotamkwa Arusha mwaka 1979 yalikuwa yamepimwa, na mizani ilitikisika.

Meza ya Burundi

Burundi ilikuwa ikiwaka tangu Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa na wananchi, alipouawa na wanajeshi. Mwalimu alikubali kazi ya usuluhishi, na mwaka 1996 alizikutanisha pande kuu mjini Mwanza.

Julai 25, 1996, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa nguvu. Siku sita baadaye wakuu wa nchi za kanda walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Lilikuwa jambo jipya katika eneo hili: majirani kukubaliana kwamba mapinduzi ya nchi moja si mambo yake ya ndani peke yake.

Lakini vikwazo vina makali pande mbili. Bei zilipanda, na mwananchi wa kawaida wa Bujumbura akaumia pamoja na mtawala. Aprili 1997 wakuu hao walilegeza masharti kwa bidhaa muhimu za wananchi, na Januari 1999 wakavisimamisha. Serikali ya Buyoya, kwa upande wake, ilimlalamikia Mwalimu kwamba anaegemea upande mmoja na ikataka mazungumzo yahamishwe. Hayakuhamishwa.

Juni 15, 1998, wajumbe wa makundi 17 waliketi Arusha. Taasisi ya Mwalimu Nyerere, aliyoianzisha mwaka 1996, ndiyo iliyoratibu. Kazi iligawanywa kwa kamati tano: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo, na dhamana za utekelezaji.

Mpangilio huo ndio unaoonyesha fikra zake. Suala la jeshi lilipewa kamati moja tu kati ya tano. Kabla ya kuulizana nani ataamuru askari, wajumbe walitakiwa kukubaliana nini kilichowafikisha hapo. Na kamati ya ujenzi mpya ilikuwa na kazi ya kujibu maswali ambayo majenerali huyaona madogo: mkimbizi wa 1972 akirudi na kukuta shamba lake linalimwa na mwingine, nani mwenye haki? Mjane atapata wapi mbegu?

Kasoro ilikuwapo. Makundi mawili ya waasi yenye nguvu hayakuwa mezani, na bunduki ziliendelea kulia milimani huku maneno yakiendelea Arusha. Muda nao ulikuwa haumsubiri msuluhishi. Saratani ya damu ilikuwa imekwishamkamata.

Baada ya kifo chake, Nelson Mandela alipokea kiti hicho. Agosti 28, 2000, Mkataba wa Arusha wa Amani na Maridhiano ya Burundi ulitiwa saini. Ulielekeza kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na sehemu nzima ya mkataba ikahusu wakimbizi, waliopoteza makazi na ardhi yao. Kundi kubwa la waasi liliingia katika amani mwaka 2003.

Kilichobaki

Novemba 30, 1999, wiki chache baada ya mazishi ya Butiama, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba huo unataja ushirikiano unaomlenga mwananchi. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024. Mwaka 2006 nchi za Maziwa Makuu zilikuwa zimetia saini Nairobi makubaliano ya usalama, utulivu na maendeleo, yakiwa na itifaki juu ya mali za wanaorejea makwao. Swali la kamati ya Arusha lilikuwa limegeuka kuwa sheria ya kanda.

Mwaka 2014 Tanzania ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, ambao kwa jumla walikuwa zaidi ya 160,000. Ulikuwa mwendelezo wa uamuzi wa 1980. Lakini mwaka uliofuata, mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza uliwasukuma Warundi wengine kuvuka tena, na kambi ya Nyarugusu ikafurika.

Arusha pia ilipewa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia hapo mwaka 2007. Novemba 2019 Tanzania, nchi mwenyeji, iliondoa ruhusa ya wananchi wake kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alilazimika kuvuka bahari hadi New York ili asikilizwe. Zaidi ya nusu karne baadaye chombo cha kusikiliza kilijengwa chini ya mlima wake mwenyewe, kisha mlango ukafungwa kwa jirani wa karibu kabisa.

Kila Oktoba 14 Tanzania humkumbuka Mwalimu kwa mapumziko, hotuba na nyimbo. Huko Kaloleni, wanafunzi huingia katika ukumbi wa Azimio na kutazama picha za ukutani. Upande wa mashariki, Engare Nanyuki ingali na vumbi lake, na wajukuu wa walioswagwa mwaka 1951 wanalima na kuchunga chini ya Meru. Wao hawahitaji kueleweshwa istilahi. Wanajua kwamba siku ile mipaka ya Tanganyika ilikuwa salama kabisa, na babu zao hawakuwa na mahali pa kulala.